Nirudishie Injini Yangu Mbovu

Kwa Shemeji,
Fundi Mkuu na mwenye gereji.

Ndugu Shemeji,

YAH: INJINI ULIYONIFUNGIA, AMBAYO INAWAKA

Kwanza pole na mgongo. Dada yako ameniambia kwamba tangu siku mliyoinyanyua hiyo injini hujaweza kuinama hata kufunga kamba za viatu. Nakuombea upone haraka, kwa sababu kazi ninayokuandikia hapa inahitaji mgongo mzima.

Pili, naomba barua hii uisome kama fundi, si kama shemeji. Nikikufuata gerejini tutaanza utani, utaniagizia chai, tutacheka, na mimi nitarudi nyumbani na kero zangu zote kama nilivyokuja nazo. Imeshatokea hivyo mara nyingi. Karatasi haina utani, ndiyo maana nimeichagua.

Unakumbuka tulivyoachana. Lori langu, ambalo mji mzima unalijua kwa jina la Ngurumo, lilinoki na kuzimika pale kwenye mlima wa machimbo likiwa na mzigo wa kokoto. Tukalivuta hadi kwako. Siku hiyo hiyo nikapata habari ya msiba wa mjomba, nikasafiri, nikakuachia ulitazame. Nilisema ulitazame, Shemeji. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja neno hilo lilikuwa na maana moja tu: unafungua boneti, unaguna, unatikisa kichwa, unakaza kitu fulani, unanawa mikono kwa dizeli na kuniambia, "Itasogea sogea." Nami naondoka nikisogea sogea. Hatukuwahi kugombana.

Safari hii nimegeuza kisogo tu, wewe na dada yako mkakaa kikao. Niliporudi nilikuta Ngurumo limesimama mbele ya nyumba, limeoshwa, na ndani yake mna injini iliyotoka kwenye lori la kiwanda cha mikate kilichofungwa. Yangu mmeing'oa. Mtu akienda kuzika hatarajii kurudi nyumbani akute msiba wa pili, tena wahusika wanatabasamu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Injini inawaka.

Najua utasema hiyo ndiyo kazi ya injini. Subiri kwanza.

Dada yako aliponipa ufunguo nilijiandaa kama kawaida yangu. Nikavua shati. Nikaita majirani wa kusukuma: fundi cherehani, kinyozi, muuza mkaa, na Mwalimu mstaafu ambaye hasukumi ila anahesabu. Nikapanda, nikageuza ufunguo ili kuonja betri tu. Ikawaka. Hapo hapo. Fundi cherehani alikuwa bado anakuja na futi yake shingoni na sindano mdomoni. Muuza mkaa ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Wakasimama wote wakinitazama kama watu walioalikwa chakula wakakuta vyombo vinaoshwa. Nilidhani injini imekosea. Nikaizima, nikaiwasha tena. Ikawaka tena.

Ile ya zamani unaijua ilivyokuwa inaamshwa. Kwanza unalegeza nati ya pampu kutoa hewa, unaikaza kabla haijaanza kulia. Unaigonga stata kwa mpini wa nyundo, upande wa kushoto, si kwa hasira. Unapanda, unakanyaga mafuta mara kadhaa, unaweka gia ya pili, watu wanasukuma, Mwalimu anahesabu, na akifika tatu unaachia klachi. Ukichelewa kidogo, mnarudi mwanzo. Ukiwahi kidogo, mnarudi mwanzo na muuza mkaa anakutukana. Hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyeweza. Wewe mwenyewe, pamoja na vyeti vyako vilivyobandikwa ukutani, ulijaribu siku moja mbele ya wateja wako. Ikabeua mara moja, ikanyamaza. Nikaja mimi, ikaitika. Wateja wako wakanipigia makofi. Wengine wana ofisi na viti vya kuzunguka. Mimi cheo changu kilikuwa hicho.

2. Injini haina sauti.

Jina la Ngurumo tuliliandika juu ya kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Sasa watu wanalisoma, wanatega sikio, halafu wananiuliza ngurumo yenyewe iko wapi.

Zamani nikiwa bado njia panda, nyumbani wanajua baba anakuja. Maji ya kuoga yanabandikwa, redio inapunguzwa, watoto wanakamata madaftari. Siku hizi nafika kimya kimya kama mkaguzi. Juzi nimeingia nikakuta nyumba nzima inacheka. Dada yako alikuwa katikati ya sebule anamwigiza mtu fulani anayepigana na gia, amekunja uso, anapiga paja, anaisemesha injini kwa maneno ya kubembeleza, na watoto wanagaagaa chini. Sikujua kwamba nyumba yangu ina furaha kiasi hicho mimi nisipokuwepo. Waliponiona watoto wakakamata madaftari, na mpaka leo hakuna aliyeniambia aliyekuwa anaigizwa ni nani.

Wapakiaji wa machimboni nao wamenuna. Walizoea kunisikia tangu chini ya mlima, wakapata muda wa kuamka, kunawa uso na kushika makoleo. Sasa nawakuta wamelala chali, na wao wanasema nawavizia.

3. Injini imenimalizia visingizio.

Hili naliandika kwa masikitiko, na naomba lisifike kwa mama yako.

Mama mkwe wangu namheshimu kupita kiasi, unajua hilo. Zamani akiniomba nimbebee kuni, nilikuwa nashika kifua namwambia, "Mama, moyo wangu unataka, lori halitaki." Ananionea huruma, ananipakulia chakula, tunaagana vizuri. Sasa ameshaniona nawasha kwa vidole viwili. Tangu hapo nimebeba kuni, nimebeba tangi la maji, nimebeba kabati lake la nguo kulipeleka kwa mdogo wake, na nimelirudisha baada ya wao wawili kutoelewana. Bado nampenda, ila sasa inabidi nimpende kwa vitendo.

Na si yeye peke yake. Timu ya mpira ya mtaa inataka kwenda kwenye mechi. Jirani wa kulia anahama. Jirani wa kushoto hahami, lakini anaomba tupakie vitu vyake tuone kama vingeenea, endapo siku moja ataamua.

3(b). Majirani.

Hili lilipaswa kuwa la pili. Nimelisahau, na sitaki kuanza karatasi upya.

Ule usukumaji wa asubuhi, Shemeji, ulikuwa mkutano wetu. Pale ndipo tulipojua nani anaumwa, mtoto wa nani amefaulu, maji yatakatika lini. Kinyozi na muuza mkaa hawasemezani tangu ugomvi wao wa ukuta, maneno pekee waliyokuwa wakiambiana ni "Sukuma na wewe!" na "Si nasukuma!" Sasa hata hayo hawaambiani. Wanapishana kama watu wasiojuana, na mtaa umepoa.

Aliyeniumiza zaidi ni Mwalimu. Anakaa kwenye benchi lake kila asubuhi kama zamani, amevaa shati lililopigwa pasi. Siku moja alikuja taratibu mpaka dirishani kwangu, injini ikiwa tayari inanong'ona, akaniuliza, "Leo pia hatusukumi?" Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Imewaka." Akasema, "Ahaa." Akaligusa bodi la lori kwa kiganja, akarudi kwenye benchi lake. Niliendesha siku nzima bila raha. Nikafikiria kuizima kesho yake nijifanye imegoma, lakini ningemdanganya mtu aliyenifundisha kusoma.

4. Injini inapanda mlima.

Utasema hapa nimepitiliza. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Ile ya zamani haikuwahi kuumaliza mlima wa machimbo kwa pumzi moja. Ikifika nusu inachemsha, rejeta inatoa mvuke, mimi nakanyaga breki, dada yako anaruka chini na kuweka kigogo nyuma ya tairi. Miaka yote utingo wangu amekuwa yeye, na hakuna aliyemshinda kwa wepesi. Basi tunasubiri ipoe. Tunakaa kwenye kivuli cha lori, tunakula tulichobeba, na tunazungumza. Majina ya watoto wote tuliyachagua pale. Kuhama nyumba ya kwanza tuliamulia pale. Hata siku tuliyonuniana kwa sababu ya mambo ambayo wewe huyajui na hutayajua, tulipatana pale, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda.

Sasa tunaupanda mlima kama tunateremka. Nimefungua mdomo kuanza mazungumzo, kabla sijafika kwenye jambo lenyewe tumeshafika machimboni na watu wanapakia. Tangu ulipofunga injini hii, Shemeji, mimi na dada yako hatujaamua jambo lolote. Mtoto wa mwisho anasubiri kujua atasoma shule gani. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na lile zimwi langu lilikuwa linatupa muda wa kula.

5. Dada yako anaendesha.

Nimelifikia. Mengine yote ningeyavumilia.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na homa. Kulikuwa na mchanga unaosubiriwa na mafundi ujenzi, na mimi nimejifunika blanketi natetemeka. Nikamwambia dada yako kwa sauti ya mgonjwa, "Waambie wavumilie, lori haliwezi kutoka bila mimi." Akasema, "Sawa, baba. Pumzika." Nikalala kwa amani. Nilipoamka nikaangalia nje dirishani, hakuna lori. Ingekuwa injini yangu ya zamani ningesikia naibiwa. Ningeamka hata kama ningekuwa mahututi. Hii imetoka uani kama paka.

Jioni akarudi. Mchanga umefika, lori limefagiliwa, kanga yake haina hata vumbi. Nikamwuliza nani alikuwa anaendesha. Akanionyesha leseni. Ni halali, nimeikagua mbele na nyuma, na picha yake imetoka vizuri kuliko yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa zile Jumamosi alizokuwa akija kwako kwa madai kwamba wifi yake anamsuka. Mimi mume mwenye busara, kila akirudi nilikuwa namsifia nywele. Zilikuwa nywele zile zile. Wewe ulikuwa unamfundisha kuendesha kwa magari ya wateja, kuzunguka nyuma ya gereji, na hukuniambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikujua kwamba nguo yenyewe ni ovaroli.

Sasa wapakiaji wanamwita Dereva. Wanasema anarudi nyuma vizuri, hagongi lundo la kokoto, hapigi honi ovyo. Juzi nilikwenda machimboni peke yangu, mmoja wao akamwambia mwenzake, kwa nia njema kabisa, "Mpishe, huyu ndiye mume wa Dereva."

Shemeji, ngoja niache kuzungusha maneno. Naogopa. Mimi sikusoma sana, ufundi sina, biashara nyingine siijui. Nilichojua ni kuiwasha ile injini na kuifikisha inakokwenda. Kila asubuhi niliamka nikijua kwamba nisipotoka mimi, hakuna kinachotoka. Sasa kinatoka. Inatosha mtu awe na ufunguo. Nakaa kitandani najiuliza, huyu mwanamume aliyebaki hapa ni wa kazi gani? Dada yako hajanitamkia neno baya hata moja. Ananiuliza tu kila asubuhi, kwa upole, "Leo unaenda wewe au niende mimi?" Swali hilo halikuwahi kuwepo katika nyumba yetu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Ung'oe hiyo injini ya mikate na unirudishie yangu. Nasikia umeiweka mlangoni mwa gereji na wateja wanaikalia wakisubiri zamu. Hiyo ni dharau. Walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe mbachao wangu umeugeuza kiti.

(b) Kama mgongo haukuruhusu, basi iache hii ilipo, lakini uipe ugonjwa. Sitaki ugonjwa mkubwa. Nataka kitu kidogo kama mafua, kisicho na madhara kwa umma, ambacho dawa yake naijua mimi peke yangu.

(c) Kama utasema hilo ni kinyume cha maadili ya ufundi, basi nifungie swichi ya siri chini ya kiti, mahali ambapo mkono wa dada yako haufiki. Mkono wake unafika mbali, kwa hiyo chunguza vizuri.

(d) Kama hata hilo haliwezekani, uje mwenyewe kila asubuhi usukumwe na wale majirani kwenye gari lako, ili Mwalimu apate cha kuhesabu.

Ukiyakataa yote nitakushtaki kwa mama yako. Najua kwa sasa mama yuko upande wa injini mpya. Nitasubiri siku atakapotaka kabati lirudi tena kwa mdogo wake, ndipo nitakapomweleza kwamba injini inayowaka kwa urahisi ndiyo inayomfanya ahangaike na kabati, na kwamba aliyeileta ni mwanawe wa kumzaa. Mimi ni mkwe tu.

Sipendi tufike huko. Tumetoka mbali mimi na wewe. Ni wewe uliyenitetea kwa wazazi wako nilipokuja kuposa nikiwa na mikono yenye oili, ukawaambia mtu mwenye mikono michafu hana nafasi ya kufanya mambo mengine machafu. Sijasahau. Ndiyo maana nimekuandikia kistaarabu.

Nisalimie wifi wa mke wangu, na umwambie sina kinyongo naye kuhusu nywele. Nisalimie watoto, na mafundi wako wote, hasa yule mnene aliyekusaidia kunyanyua. Naye nampa pole ya mgongo, ingawa alijitakia. Mama mwambie kuni zake zitafika kama tulivyopanga.

Ni mimi, mteja wako mwenye uchungu na shemeji yako asiye na furaha,

Aliyekuwa Dereva wa Ngurumo.

N.B. Barua hii imekaa mfukoni siku mbili kwa sababu sikuwa na wa kumtuma. Leo asubuhi dada yako alikuwa anaenda machimboni, nikamwomba anipitishe kwako niikabidhi mwenyewe. Nilipanda upande wa abiria. Nakuapia, tangu niliponunua lori lile sijawahi kukaa upande ule. Sikujua hata kwamba mlango wake haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Nilipanga nimhesabie makosa yake yote njiani. Pale kwenye kona ya sokoni nikamwambia amewahi kubadili gia. Akasema, "Asante, baba." Nikatulia nikisubiri kosa la pili.

Nilichokumbuka baada ya hapo ni mtu ananitikisa bega. Tulikuwa tumesimama mbele ya nyumba, jua liko utosini. Kokoto zilishapakiwa, zikapelekwa, zikashushwa. Nimelala kwenda, nimelala kurudi, na wewe tumekupita nikiwa usingizini. Dada yako alikuwa amenifunika miguu kwa kanga yake na aliendesha bila kupiga breki za ghafla ili nisiamke. Miaka yote hiyo ya barabara, Shemeji, sijawahi kufumba macho humo ndani hata kidogo. Nilikuwa sijui kwamba nimechoka.

Kwa hiyo barua hii nakutumia tu kwa kuwa nilishaiandika, na mtu hawezi kutupa karatasi nyingi hivi. Injini iache ilipo. Ila njoo na spana zako, mgongo ukipona, unitengenezee ule mlango wa abiria. Mlango wangu haufungi vizuri.